Radhi ya Pembeni

Ile kanuni iliyokuja kumfunga mdomo Mwalimu Klementina aliitunga mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono. Aliitunga mwaka 2006, amekaa kwenye kiti cha plastiki katika kafe ya intaneti ya Fidel, Nachingwea mjini, anadonoa herufi mojamoja kwa kidole kama kuku. Siku ile wanachama wote wa Ukumbi walimsifu mpaka akaona haya.

Ukumbi wenyewe haukuwa na kuta. Ulikuwa kundi la barua pepe la watu waliozaliwa au kukulia Nachingwea na Ruangwa. Wengine walikuwa Dar es Salaam, wengine Dodoma na Mwanza, mmoja alikuwa Uswidi akisomea mambo ya misitu. Akiandika mmoja, wanasoma wote. Msimamizi aliitwa Methodius, mtumishi wa serikali huko Dodoma, mtu wa kunyoosha mambo, ambaye hata salamu zake zilikuwa na aya. Mwanzoni walisalimiana na kubishana kuhusu mpira. Kisha wakaanza kuchambana. Fulani hakuja msibani, fulani kajenga ukweni na mama yake analala kwenye nyumba inayovuja. Matusi yakaingia, watu wakaanza kujitoa.

Mwalimu Klementina, ambaye miaka yote alikuwa akifundisha darasa la tatu na kuamua ugomvi wa penseli, akaona dawa yake anaijua. Akapendekeza kwamba mwenye lalamiko juu ya mwanachama mwenzake asilimwage ukumbini. Amfuate mwenyewe kwanza, pembeni. Wakishindwana, ampelekee msimamizi, pembeni vilevile. Na radhi nayo iombwe pembeni, ili aliyekosa asidhalilike mbele za watu. Methodius akaipenda mno. Akaiandika upya kwa lugha ya ofisi, akaipa jina Adabu za Ukumbi, halafu akaongeza kipengele chake kimoja: utani wa makabila hauhesabiwi kuwa lalamiko, huo ni mila yetu, ruksa.

Kitu kimoja wale wa mbali hawakukitilia maanani. Nachingwea wenye anwani za barua pepe walikuwa wachache, wenye hamu ya kusoma habari za watu walikuwa wengi. Kwa hiyo kila Jumamosi, watu wa vijijini wanapoingia mjini kununua mahitaji, Fidel aliwasha jenereta, akachapisha ujumbe wote wa wiki ile, akaubandika kwenye ubao wa plaiwudi nje ya kafe. Watu walisimama na vikapu vyao wakisoma. Asiyejua kusoma alisomewa. Mtu wa Dar alidhani anapiga soga na wenzake, kumbe anasikika sokoni.

Kwenye ubao huo ndiko Eustakio alikommalizia Mwalimu Klementina.

Eustakio alikuwa Mngoni. Baba yake aliletwa na kazi Nachingwea kutoka Songea, wazazi wote wawili wakafariki mapema, akalelewa na mama yake mdogo, Makrina, pale kitongoji cha Nambambo. Miaka ya tisini alifundisha shule moja na Klementina kabla hajapata kazi ya ofisini Dar. Na Klementina ni Mmwera wa Ruangwa. Mngoni na Mmwera ni watani: vita vya mababu viligeuka ruksa ya wajukuu kutukanana bila kununiana. Mtani akikuita mwizi, unamwambia ni kweli na usiku wa leo nakuja kwako. Ukikasirika umeshindwa, unatozwa kuku. Enzi zile Eustakio alikuwa akimnyang'anya Klementina nyama sahanini mbele ya walimu wote, na Klementina alimfichia viatu siku anayokuja mkaguzi. Walipendana watu wale. Hilo lisemwe, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Masika ya mwaka 2008 Makrina akaugua, akalala. Klementina ndiye aliyekuwa jirani yake wa karibu, ndiye aliyemgeuza kitandani na kumlisha uji. Akampigia simu Eustakio, kwa adabu, pembeni, kama kanuni yake ilivyotaka.

"Mngoni, mama yako anakuulizia. Njoo umwone angali na kauli."

"Nakuja mtani, mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi ukapita. Akapiga tena, akaahidiwa tena. Mara ya tatu hakuficha neno. "Eustakio, mama huyu alikulea kwa kuuza vitumbua. Leo anageuzwa na Mmwera ambaye hata si ndugu yake. Huoni aibu?"

Simu ikakatwa upande wa pili. Siku chache baadaye ujumbe wa Eustakio ukaingia Ukumbini:

"Ndugu wana-Ukumbi, naombeni ulinzi. Mtani wangu Mwalimu Klementina ananiwangia mpaka huku Dar, siku hizi anapitia kwenye simu. Akipiga tu, mguu wangu unavimba. Huyu mama msimwone hivi. Mwaka jana aliniambia mtoto wa jirani yake hatamaliza mwaka, na kweli hakumaliza. Wamwera kwa fani hii ni maprofesa. Mlioko nyumbani mnyoeni upesi kabla hajanimaliza na mimi."

Kule kwetu kunyolewa si jambo la kinyozi. Mtu akishukiwa uchawi hupelekwa kwa mganga, ananyolewa kichwa kizima, ananyweshwa dawa, na uchawi unahesabiwa umemtoka. Akiloga tena, dawa itamuua yeye. Wanaopelekwa huko ni wale wale siku zote: wazee, wajane, waliokosa watoto wa kuwatetea. Klementina alikuwa mjane, na Mungu hakumjalia mtoto.

Aliusoma ujumbe huo kafeni siku ya Ijumaa. Fidel alikuwa ameshausoma, na watu waliokuwa wakingoja zamu walikuwa wameshasomewa, wote wanamtazama wakijizuia kucheka. Ile sentensi ya mtoto ilimchoma. Mtoto mwenyewe ni Emmanuel, alikuwa mwanafunzi wake, wa nyumba ya pili kutoka kwake. Alikuwa anavimba miguu na macho yanamgeuka manjano. Klementina alimwambia baba yake, Saturnini, mara nyingi tu, ampeleke hospitali ya misheni. Saturnini akampeleka kwa waganga, huyu na yule, mpaka mtoto akafa. Ni kweli Klementina alimwambia Eustakio kwenye simu, kwa uchungu, kwamba mtoto yule asipopelekwa hospitali hatamaliza mwaka. Eustakio alichukua nusu ya neno akaacha nusu.

Lakini ulikuwa utani, na watu wanamtazama. Angekunja uso angekuwa ameshindwa. Akakaa kwenye kiti cha plastiki akajibu kama mtani anavyojibu:

"Mngoni umechelewa kushtuka. Yote aliyoyasema mtani wangu ni kweli tupu, tena amepunguza. Anayefuata ni yeye. Huo mguu uliovimba nimeshautengea sufuria."

Kafe nzima iliangua kicheko. Yule wa Uswidi akaandika kwamba amevunjika mbavu. Methodius akaandika aya mbili za pongezi, akasema huu ndio utani wa kistaarabu na vijana waige. Kesho yake, Jumamosi, Fidel akabandika karatasi zote mbili ubaoni, ya Eustakio juu, ya Klementina chini yake.

Saturnini aliingia mjini siku hiyo kuuza kuku. Wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, Wamakua, na yeye alizaliwa huku huku na kusoma huku huku. Utani wa Wangoni na Wamwera aliujua kwa kuusikia tu, hakuwa wake. Alisoma karatasi ya juu, akasoma ya chini. Akairudia ya chini. Wanasema alikaa chini palepale, kuku wake wakamponyoka miguu ikiwa imefungwa.

Mtu mwenye akili timamu angeuliza, utasema. Lakini tangu mtoto wake afe Saturnini alikuwa anaishi na swali moja, kwa nini hakumpeleka hospitali, na mkewe alikuwa akimwuliza hilo hilo kwa macho kila asubuhi. Sasa ubao wa Fidel ulikuwa umempa jibu lisilokuwa yeye. Angeliachaje?

Klementina alianza kulijua jambo hilo kwa mambo madogo. Mama Emmanuel, Kornelia, ambaye kila jioni alikuja kwake kuomba kaa la moto, hakuja. Watoto waliokuwa wakija kujisomea barazani kwake wakapungua, kisha wakaisha. Bombani alipofika na ndoo yake, wanawake walimpisha, wote kwa pamoja, na kupishwa huko hakukuwa kwa heshima.

"Mama Emmanuel, nimewakosea nini?" akamwuliza Kornelia akiwa amemkuta peke yake njiani.

Kornelia alikaza macho chini. "Mwalimu, si umeandika mwenyewe?"

"Ule ni utani! Mimi na Eustakio ni watani!"

"Mtoto wangu hakuwa mtani wako, Mwalimu." Akapita, akitembea haraka, mkono ukiwa umeshikilia kanga kifuani.

Baada ya hapo mwenyekiti wa kitongoji, Agapiti, akaitisha kikao. Agapiti hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyetaka siku zake za uongozi ziishe salama. Saturnini alisimama na karatasi mkononi. Alikuwa ameinunua kwa Fidel. Akazisoma sentensi za Klementina kwa sauti, taratibu, na zilipotoka kinywani mwake hazikuwa na kichekesho hata chembe. "Yote ni kweli tupu, tena amepunguza. Haya ni maneno yake au si yake?"

"Ni yangu," Klementina alisema, "lakini..."

Hakuna aliyesikia lililofuata baada ya lakini.

Kikao kilipotulia Agapiti akamwambia kwa upole kwamba wananchi wanaomba akanyolewe, kule kwa mganga upande wa Ruangwa, ili mioyo ya watu itulie. Asipotaka, yeye kama mwenyekiti hataweza kuilinda nyumba yake.

"Nitakwenda polisi, Mwenyekiti."

"Nenda, Mwalimu, ni haki yako. Polisi watakuja na watarudi zao mjini. Wewe utabaki na sisi." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Au huyo aliyeandika aandike tena. Aseme kwenye ubao uleule kwamba alikuwa anatania, na habari ya mtoto ilikuwa vipi. Saturnini akisoma hayo, mimi nitamaliza jambo hili. Nakupa wiki mbili, mpaka Jumapili."

Kwa hiyo kichwa cha Klementina, na nyumba yake, na jina alilojijengea tangu ujana wake, vyote vilining'inia kwenye mistari miwili mitatu ya mtu mmoja. Aliondoka kikaoni akikaribia kufurahi. Eustakio si mtu mbaya, aliwaza. Akijua tu, ataandika leo leo.

Alipompigia, Eustakio alicheka mpaka akakohoa.

"Mtani, umekasirika? Umeshindwa! Nadai jogoo."

"Eustakio, acha. Nasema kwa jina lako, sisemi mtani. Watu wanataka kuninyoa."

Akamweleza yote. Upande wa pili kicheko kilikatika.

"Pole sana, Mwalimu. Kwa kweli pole. Watu wa huko bado wako gizani."

"Sitaki pole. Andika Ukumbini kwamba ulikuwa unatania, na kwamba nilikwambia mtoto apelekwe hospitali."

Klementina alisikia magari ya Dar yakipiga honi dirishani kwa Eustakio. "Basi nisamehe, Mwalimu. Nimekukosea. Hapo nimeomba radhi, tena kwa moyo, yameisha. Si ndivyo Adabu zinavyosema? Tuyamalize pembeni."

"Eustakio, ulinichafua ubaoni!"

"Nikianza kuandika maelezo, itaonekana nilikutukana kwelikweli. Watu watauliza ilikuwaje tukapigiana simu. Mambo yatakuwa makubwa bure. Wacha yapoe."

Klementina akamgeukia Methodius. Alimwandikia barua pepe ndefu, akamweleza kuhusu kikao na mganga na Emmanuel. Jibu lilikuja kesho yake, lenye aya.

"Mheshimiwa Mwalimu, nimesikitishwa. Hata hivyo, mhusika ananiarifu kwamba ameshakuomba radhi, na kwa mujibu wa Adabu, radhi ikishaombwa pembeni shauri limefungwa. Aidha, maandishi yake ni utani, ambao unaruhusiwa, na wewe mwenyewe uliujibu kwa furaha. Nikiruhusu lalamiko lako ukumbini leo, kesho wote watataka kuleta ya kwao. Nakukumbusha kwa heshima kwamba kanuni hii uliipendekeza wewe. Ukumbi wetu si mahakama."

Aliisoma mara mbili. Kila neno lilikuwa la kwake. Pembeni, asidhalilike, yamalizike. Alikuwa amewaza habari za wenye makosa madogo, waliosahau harusi na misiba, akawatengenezea kajificho kazuri. Hakuwaza hata mara moja kwamba aliyetendewa mbele za watu anahitaji kusafishwa mbele za watu. Radhi ya Eustakio ilikuwa imelala kwenye sikio la Klementina peke yake, na Saturnini hakuwa na sikio hilo.

Akavunja kanuni. Aliandika moja kwa moja Ukumbini, bila kutukana, akaeleza na kuomba wanachama wamshauri Eustakio aseme kweli. Methodius aliufuta ujumbe ule kabla Jumamosi haijafika, akamsimamisha uanachama kwa muda, "kwa kulinda umoja wetu." Wachache waliowahi kuusoma walimwandikia pembeni. Pole Mwalimu, tuko pamoja nawe. Hata mmoja hakusema hivyo ukumbini. Yule wa Uswidi alisema anamwombea.

Likabaki jambo moja. Aliandika maelezo yake kwa kalamu kwenye karatasi ya shule, akampelekea Fidel.

"Nibandikie hii, mwanangu."

Fidel aliishika kama mtu aliyepewa nyoka. "Mwalimu, mimi nabandika yanayotoka Ukumbini tu. Nikibandika ya mtu mmoja mmoja wataniambia nimechukua upande. Biashara yenyewe unaiona."

"Ulibandika ya kunichafua."

"Ile ilitoka Ukumbini," Fidel alisema, na alisema kwa huzuni ya kweli, jambo lililomwudhi Klementina zaidi kuliko kama angekuwa jeuri.

Wiki ya pili haijaisha, Makrina akafa. Alikufa asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Klementina. Jambo la mwisho aliloulizia ni kama basi la Dar limeshaingia.

Eustakio akaja. Alikuja na gari la kukodi, suti nyeusi na mashada ya maua ya plastiki, akalia mlangoni mpaka wanaume wakamshika mikono. Nambambo yote ilikuwepo, Agapiti, Saturnini na Kornelia, walimu, kwaya. Na Klementina alikuwepo, si kama jirani tu. Kwenye msiba wa Mngoni, Mmwera ana kazi yake. Watani ndio wanaoruhusiwa kulala kaburini na kukataa kutoka, kumwigiza marehemu anavyotembea, kumsema mfiwa usoni mambo ambayo ndugu hawathubutu. Hakuna Methodius wa kuwafutia maneno. Usiku kucha Klementina alikuwa ameliwaza hilo. Kumbe liko jukwaa moja ambalo hawakumfukuza.

Jeneza lilipofikishwa kaburini akatoka mbele, akakaa juu ya rundo la udongo, miguu akaining'iniza shimoni.

"Halishuki hili!" akapiga kelele.

Watu wakaanza kutabasamu katikati ya machozi. Mtani kaanza kazi.

"Halishuki mpaka huyu Mngoni aseme. Eustakio, mbele ya mama yako, sema! Nilikupigia simu mara ngapi uje? Nani alimgeuza mama huyu kitandani?"

Kicheko kikapita. "Mseme huyo, Mwalimu! Mseme!" Mwanamke mmoja wa kwaya alipiga kigelegele.

"Uliposhindwa kunijibu ukaniandika mchawi. Sema hapa kama mimi ni mchawi! Sema nilikwambia nini juu ya mtoto Emmanuel! Nilisema apelekwe hospitali, ndiyo au siyo?"

Watu walizidi kucheka. Mmoja akamrushia sarafu, mwingine akarusha noti, ndiyo desturi, mtani hulipwa ili aachie njia. Eustakio mwenyewe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akafuta macho, akaingiza mkono mfukoni akamwekea noti nyekundu ya elfu kumi miguuni. "Mtani umetisha," alisema. "Nimeshindwa. Chukua, umwachie mama apite."

"Sifanyi utani!" Klementina alisimama. Sauti ilimpasuka. "Jamani, sifanyi utani! Nasema kweli! Wananinyoa Jumapili!"

Hapo ndipo walipovunjika mbavu. Maana mtani hodari ndivyo anavyofanya, huapa kwamba hatanii. Mzee mmoja alisema hajaona utani mtamu namna hii tangu enzi za mkoloni. Vijana wawili wakamwinua Klementina kwa mikono na miguu, kwa upole na vicheko, wakamweka kando, na jeneza likashuka.

Wawili tu hawakucheka. Saturnini na Kornelia walikuwa wamesimama mbali kidogo, na walichokisikia kwenye makelele yote yale ni jina la mtoto wao likitajwa juu ya kaburi lililo wazi. Kornelia alikuwa ameziba masikio.

Watu walipotawanyika Eustakio alimfuata nyuma ya jiko la msiba, palipokuwa na moshi na masufuria makubwa. Sasa hakuwa na kicheko. Alipiga magoti, suti yake ikaingia majivuni.

"Mwalimu, nilielewa. Kila neno nilielewa. Nisamehe."

"Watu wote wako pale uwanjani. Simama ukawaambie. Hatua chache tu."

"Nikisema, nitasema na lile la simu. Ndugu watajua niliitwa mara zote hizo na sikuja, na mama amekufa ananiulizia." Alilia kabisa, kamasi zikimtoka. "Siwezi, Mwalimu. Leo siwezi. Lakini moyoni mwangu najua wewe ni mtu safi. Ninaapa."

Klementina alimtazama mtu huyo ambaye aliwahi kumnyang'anya nyama sahanini. Alimchukia. Hakuwa amewahi kumchukia mtu hivyo, na ilimtisha. "Ulinivua nguo sokoni, Eustakio," alisema, "unakuja kunifunika gizani." Akamwacha palepale magotini. Jioni gari la kukodi likarudi Dar.

Nduguye Klementina, Augustino, akaja kutoka Ruangwa kumchukua. Alikuwa mkulima wa ufuta, mtu wa maneno machache, na alikuwa ameshapita kwa Agapiti kabla ya kufika kwa dada yake.

"Dada, nywele zinaota," alimwambia. "Nyumba ya tofali ikiungua haioti."

"Nikinyolewa nimekiri, Augustino."

"Umeshakiri, dada. Wameniletea karatasi nikaisoma."

"Hata wewe?"

Augustino akachukua mfuko wa nguo za dada yake akaufunga kwenye pikipiki.

Kwa mganga kulikuwa na foleni, wanawake wazee watupu na babu mmoja kipofu. Hakuna aliyemwuliza kitu. Wembe ulipita, nywele zake zenye mvi zikaanguka juu ya gunia pamoja na za wengine, akapewa kikombe cha dawa chungu, akanywa. Kijana wa mganga akampiga chapa ya unga mweupe kwenye paji la uso akasema, "Haya mama, umekuwa safi." Ilikuwa haraka kuliko kupima uzito zahanati.

Alirudi Nambambo amejifunga kilemba. Alikuwa amejiandaa kwa kejeli, kwa watoto kumzomea njiani, na alikuwa ameapa kutembea kichwa juu mpaka mlangoni kwake. Hakuna aliyemzomea. Agapiti alitoka nje kumsalimia, "Karibu nyumbani, Mwalimu." Bombani wanawake walimtekea ndoo, wakamtwika. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alimwamkia shikamoo kwa sauti, na mama yake alitabasamu. Barazani kwake palikuwa pamefagiliwa. Wote walikuwa wema kwake, wema ambao hakuwahi kuuona hata alipofiwa na mumewe, na kila wema ulimwingia kama mwiba, maana alijua wanamfanyia nani. Wanamfanyia mchawi aliyetubu.

Jioni Kornelia akaja. Alibeba bakuli la mboga ya kisamvu lililofunikwa na sahani, na ugali wa muhogo wenye moto. Alikuwa amekonda. Aliviweka chini, akakaa mkekani karibu kabisa na Klementina, mahali alipozoea kukaa zamani. Kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu," alisema, "mimi na baba yake tumeongea. Tumeona tusikae na kinyongo, mtoto hatarudi. Tumekusamehe."

Maneno yote yalikuja kinywani mwa Klementina. Hospitali ya misheni. Macho ya manjano. Mara ngapi nilimwambia mumeo. Aliutazama uso wa mama yule, akaona kwamba ndiyo mara ya kwanza tangu msiba ule uso wake umetulia, na kwamba akimwambia kweli leo, kweli hiyo itamwonyesha muuaji mwingine, ambaye analala naye kitanda kimoja. Na nani angemwamini, kipara kama alivyo?

"Ahsante, Mama Emmanuel," alisema.

Kornelia akambusu mkono, akafunua bakuli, akaanza kumkatia ugali.